Mbona Harare umeiruka?

Asante mwandishi kwa makala yako kuhusu Amy Hunter, mchezaji wa kriketi wa Ayalandi, ila kumweleza bila kuigusa Harare ni kama kupika pilau bila bizari. Tarehe 11 Oktoba 2021, siku alipotimiza miaka 16 kamili, binti huyu wa Belfast alipiga mikimbio (ndizo pointi za kriketi) 121 bila kutolewa na wapinzani, dhidi ya Zimbabwe hukohuko Harare. Mechi yake ya nne tu ya kimataifa ya siku moja, ile ya ova 50 kila timu (ova moja ni mipira sita)! Mimi nilipofikisha 16 nilinunuliwa soda, basi.

Utamu uko hapa: rekodi ya mchezaji mdogo kuliko wote kufikisha 100 katika mechi za kimataifa za siku moja, wanawake kwa wanaume, hadi siku hiyo ilikuwa ya Mithali Raj wa India, aliyeiweka mwaka 1999 akiwacharaza Ayalandi haohao. Hunter alikuwa hata hajazaliwa.

Na ndugu uliyeandika kwenye maoni kwamba Zimbabwe walikuwa mchekea, pole. Mechi ya kwanza ya mfululizo huohuo Zimbabwe ndio walioshinda, kapteni wao Mary-Anne Musonda akiondoka uwanjani na 103 zake, hajatolewa.