Mvua ya Uhuru na sentimita moja ya Ziwa Victoria

Mwaka 2020, maji yalipoingia kwenye vibanda vya samaki pale Dunga, Kisumu, mvuvi mmoja mzee alinionyesha mkuyu uliosimama majini. "Maji ya mwaka wa Uhuru yalifika kwenye mti huu," akasema, akimaanisha mafuriko ya mwanzo wa miaka ya 1960, Kenya ilipopata uhuru. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka semina ya mazingira akamkatiza: "Mzee, haya ni mabadiliko ya tabianchi. Hayo ya zamani hayahusiani." Mzee akanyamaza. Nadhani hakutendewa haki.

Kule Jinja, Uganda, mto Nile unapotoka ziwani, kuna kipimo cha usawa wa maji ya ziwa. Mei 1964 kilisoma mita 13.41. Mei 2020 kikasoma mita 13.42. Tofauti ni sentimita moja, unene wa kidole cha mvuvi. Kati ya miaka hiyo miwili kaboni dioksidi, gesi ya moshi inayoipasha dunia joto, ilipanda hewani kutoka sehemu 320 hivi kwa kila milioni hadi kupita 410. Nakubali kwamba vilele hivyo viwili havilingani moja kwa moja: cha 1964 kilijengwa na miaka kadhaa ya mvua, na maji yanayotoka hutegemea pia jinsi bwawa la Jinja linavyofunguliwa na kufungwa. Hata hivyo sentimita ile hainiachi. Ziwa lilifika pale pale kabla ya sehemu kubwa ya moshi wetu kwenda angani.

Lilijazwa na nini? Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Nzoia, Nyando na mito mingine huleta kinachobaki. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa halina pa kujificha. Na mvua ya kupita kiasi mara nyingi hutoka Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mawingu huja kwetu. Ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019. Bahari imekuwa na tabia hiyo tangu kale.

Ukirudi nyuma zaidi, unakuta makubwa. Miaka kama 15,000 hadi 17,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka kabisa. Baadaye, miaka 10,000 hivi iliyopita, maziwa ya Nakuru na Elementaita huko Kenya yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na kilima cha Hyrax Hill, ambacho leo kiko nchi kavu nje ya mji wa Nakuru, kilipakana na maji. Hapakuwa na kiwanda. Mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja ukichukua miaka ipatayo 26,000, na wakati ule ulileta jua kali zaidi la kiangazi kaskazini mwa ikweta, likavuta mvua hadi Sahara ikaota nyasi.

Lakini yeyote anayechukua historia hii na kusema joto la leo nalo ni la asili, anaipotosha. Kuyumba kwa mhimili huenda kwa maelfu ya miaka, ilhali joto hili limekuja ndani ya umri wa mtu mmoja. Jua hupanda na kushuka kidogo kila miaka 11 na halijaongeza nguvu ya kutosha. Volkeno kubwa hupoza: Pinatubo ya 1991 ilishusha joto la dunia kwa karibu nusu digrii, kisha likarudi. Kijana hakukosea kuhusu moshi.

Alikosea kumnyamazisha mzee. Watafiti waliochunguza mafuriko ya 2020 walikadiria kwamba joto tulilosababisha liliongeza sentimita 7 hivi kwenye mpando uliozidi mita moja. Sentimita 7 zinaonekana chache, mpaka uzione Budalangi au Kano, kando ya ziwa, ambako nchi ni tambarare na maji yakipanda kidogo huingia mbali mashambani. Ila zile nyingine zote ni za bahari na mvua, na zitarudi hata dunia ikizima kila injini kesho. Anayetafuta pa kujenga nyumba, choo au zahanati ufuoni anahitaji kujua mstari wa 1964 kwanza, kisha aongeze za kwetu juu yake. Mstari huo wanaoujua kwa macho ni watu kama yule mzee, na hakuna aliyeupigia mkuyu wake hata alama ya rangi.