Usingoje vanishi ibanduke

Vanishi ya boti haiharibiki siku moja. Huanzia penye skrubu, au pale mbao mbili zinapokutana: kidoa cheupe kama maziwa, kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Ukipapasa hutahisi kitu. Hapo ndipo wengi wetu husema, "Bado, nitashughulikia msimu ujao." Kauli hiyo imeharibu mbao nyingi nzuri.

Jua ndilo linalotangulia. Mionzi yake hupenya vanishi iliyokonda na kuvunjavunja lignini, ile inayoshikamanisha nyuzi za mbao. Vanishi hubaki imeshika unga tu. Kisha maji hupata upenyo, yakatambaa chini yake, mahali ambapo upepo haufiki kuyakausha.

Nayajua haya kwa ubao mmoja wa msaji, ule wa kujishikilia juu ya paa la chumba cha boti. Niliona weupe kuzunguka skrubu, nikapaka vanishi juu yake bila kukwangua. Kwa wiki kadhaa uling'aa vizuri. Nilipokuja kuukwangua, nilikuta doa jeusi limefuata nyuzi, urefu wa kiganja. Msasa haukuliweza. Ilibidi nitumie asidi ya oksali, nisuuze, nisubiri ubao ukauke kabisa. (Asidi hiyo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani.)

Na hapo ndipo kazi ilipoanza. Msaji una mafuta yake ya asili, hivyo unaufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka. Mkono wa kwanza wa vanishi unachanganywa na thina nusu kwa nusu ili uzame ndani. Wa pili unapunguziwa thina. Kisha unaendelea hadi mikono 6 au 8, na kila mmoja ukikauka unapitisha msasa namba 220 au 320. Ukipaka jua likiwa kali, vanishi inatoa malengelenge. Ukichelewa hadi jioni, umande unaifubaza. Sufi ya chuma usiiguse kabisa: vipande vyake hubaki kwenye nyuzi vikashika kutu.

Sasa linganisha na kazi ya kutunza vanishi ambayo bado ni nzima. Unaosha chumvi kwa maji matamu, unapitisha msasa namba 320 mpaka mng'ao ufifie, unafuta vumbi, unapaka mikono miwili.

Wapo wanaoacha msaji uwe wa kijivu bila vanishi yoyote, nami sina ugomvi nao, kwani msaji huvumilia. Ninachopinga ni vanishi nusunusu, inayofungia maji ndani.

Jana nimeona weupe mpya kwenye kona ya mlango, mdogo kama punje ya mtama. Leo nimeukwangua mpaka nikafika kwenye mbao safi, na mkono wa kwanza unakauka.