Wale wa Hillary hawakuwa wote wabaguzi

Mwaka 2008, Obama na Hillary Clinton wanashindana nani Wademokrati watamuweka kwa uraisi wa Marekani, hapa Goma ukisema humpendi Obama unatafuta matata, baba yake Mluo wa Kenya basi tukamuchukua kama mtoto wa jirani. Mu salo moja ya kunyolea pale Birere, kijana alisema tu Hillary iko na uzoefu kumushinda ule mwingine, kinyozi akasimamisha mashine katikati ya kichwa: "Weye, bazungu banakulipaka?" Nusu imenyolewa, nusu bado, na kijana anajitetea. Tulicheka, lakini njo vile ilikuwa inapita Marekani kwenyewe, ndani ya parti moja ya Wademokrati: uko wa Hillary, we mbaguzi, uko wa Obama, unachukia wanawake.

Sisemi ubaguzi haukuwepo. Siku ya kura ya parti kule South Carolina, Obama anashinda 55 kwa 27, Bill Clinton, bwana ya Hillary, akakumbusha kama Jesse Jackson, mweusi mwingine ambaye hakufika, naye alishinda pale mwaka 84 na 88, kila mtu akaelewa anataka kusema nini. Geraldine Ferraro alisema Obama angekuwa mzungu hangefika pale alipo, ikabidi atoke kwenye kampanye ya Hillary. West Virginia, karibu mzungu 1 kwa 5 aliyepiga kura aliungama mwenyewe kama rangi ilihesabu. Ile hakuna sabuni ya kuifua.

Lakini ile namba ya Gallup, kampuni ya sondaji, inaniuma mpaka leo. Machi 2008, watu wa Hillary 28 kwa 100 walisema Obama akipita watampigia McCain wa parti ya Republican, na kila mtu akaishika kama ushahidi, ona wabaguzi hawa! Ngoja kwanza. Sondaji ile ile ilikuta watu wa Obama nao, 19 kwa 100, wanasema Hillary akipita watamfuata McCain. Hiyo 19 mliisikia wapi? Kama 28 ni ubaguzi, 19 tuiite nini? Na kisha Machi ni Machi, mtu mwenye hasira anasema mengi, we uliza yeyote aliyegombana na bibi yake asubuhi kama hakurudi kula mangaribi. Novemba kufika, Wademokrati waliokuwa wa Hillary zaidi ya 8 kwa 10 walimpigia Obama.

Hasira yao ilitoka wapi sasa? New Hampshire, wanaume walisimama katikati ya mkutano wa Hillary wanapiga kelele apige pasi mashati yao, na watu wakaichukua kama mchezo. Bibi wa miaka 70 aliyengoja maisha yote kuona mwanamke anafika pale, umuambie machozi yake ni ubaguzi?

Agosti 2009 Hillary akafika hapa kwetu, waziri wa mambo ya inje wa ule ule Obama, akaenda mpaka kambi ya Mugunga juu ya wamama waliobakwa. Siku moja kabla, Kinshasa, mwanafunzi alimuuliza bwana Clinton anawaza nini, akawaka: bwana yangu si waziri, waziri ni mimi. Baadaye ikasemwa kijana alitaka kusema Obama. Wanaume wengi wakamuita mwenye kiburi. Mama mmoja anauzaka samaki za sambaza soko ya Virunga hakucheka nao: "Mutu wa kodi akifika kwa meza yangu anaulizaka bwana iko wapi. Feza anakamata mu mukono yangu."