Klarineti ndogo si ya mtoto mdogo

Katika fanfari nyingi, yaani bendi za kupuliza, nilizopitia hapa Lubumbashi, klarineti ya mi bemoli, ile ndogo yenye sauti ya juu, hupewa mtoto mdogo kuliko wote, eti kwa kuwa matundu yake yamekaribiana na vidole vya mtoto ni vyembamba. Nimeipiga miaka mingi, nasema wazi: tunakosea. Apewe mwenye sikio kuliko wote.

Ina urefu wa karibu nusu mita tu. Klarineti ya kawaida, ile ya si bemoli, ukibana mdomo kidogo inakuvumilia. Hii ndogo inaruka juu papo hapo, na safu nzima inageuza shingo. Baridi yetu ya Julai nayo huishusha sauti. Asubuhi hizo naibeba ndani ya koti, kwapani, kutoka mtaa wa Kamalondo hadi mazoezini, na nikifika naipulizia pumzi ya moto kimyakimya kabla ya noti ya kwanza.

Halafu kuna kazi ya kichwa. Mtunzi Richard Strauss, katika Till Eulenspiegel, muziki wa okestra wa 1895 unaosimulia mkorofi Till, aliandikia klarineti ya re. Till anapofikishwa kwenye kitanzi, ndiyo inayolia. Sisi tunayo ya mi bemoli, iliyo juu ya ile ya re kwa nusu toni, basi kila noti unaishusha nusu toni huku macho yakikimbia. Solfeji tuliyofundishwa, yaani kusoma noti kwa majina yake, inasaidia sana: soma kana kwamba ufunguo, ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti gani iko wapi, ni wa do, mstari wa nne. Palipoandikwa bemoli tatu (alama za kushusha noti), wewe weka diezi mbili (za kuipandisha), oktava usiihangaikie. Mtego uko kwenye alama za njiani, zinazotokea katikati ya wimbo. Bekari, alama inayofuta bemoli, ikiwa mbele ya noti ya mi, ya la au ya si, ni lazima uigeuze diezi, na hapo ndipo nilipojikwaa mbele ya kanisa lililojaa, kwa sababu nilihesabu vidole badala ya kusikia wimbo.

Kuna wanaosema kompyuta itaandika upya ukurasa wote kwa ajili ya mi bemoli. Itaandika, ndiyo, siku umeme ukiwepo. Lakini anayeletewa kila kitu kimeshahamishwa hazoei kuisikia noti kabla hajaipuliza, na kwenye chombo hiki usipoisikia kwanza umeshachelewa.

Basi mtoto aanze na ya si bemoli, vidole vikishafika. Hii yangu nataka kumkabidhi dada mmoja wa safu ya pili. Wenzake wote wakiharakisha kupuliza noti ya la ya kulinganisha sauti, yeye huweka klarineti magotini, anasikiliza, kisha ndipo anaipandisha mdomoni.