Kabla hujaniagiza krimu ya Ulaya

Kila ninapokata tiketi ya kuja likizo Tanzania, simu huanza kuita kabla hata sijashusha begi kutoka juu ya kabati. Mdogo wangu anataka seramu ya madoa, binamu anataka maskara isiyochuruzika kwa jasho, na shangazi, akishaitikia shikamoo yangu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga maneno yake, husema, "Mwanangu, niletee krimu ya huko. Yoyote tu." Neno hilo "yoyote" ndilo lililonisukuma kuandika, kwa kuwa limebeba imani kwamba chochote kilichotoka kwenye rafu ya Ujerumani ni lazima kiwe bora kuliko kilichopo nyumbani. Nimekaa huku miaka tisa, na kwa muda wote huo nimejaribu vipodozi vya bei ya chini kwa bidii ambayo mume wangu huiita ugonjwa. Imani ya shangazi naiona ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo hauko mahali anapoutafuta.

Ujerumani kuna aina ya duka ambalo si famasi. Linauza sabuni, dawa ya meno, nepi, vitamini na safu ndefu za vipodozi, ilhali dawa zenyewe hufuatwa famasi. Mgeni anayeingia humo mara ya kwanza hushawishika kwenda moja kwa moja kwenye chapa za bei kubwa, akiamini kama nilivyoamini mimi kwamba rahisi ni ghali. Aliyenitoa ushamba huo ni jirani yangu, bibi wa makamo, aliyenionyesha jarida la Stiftung Warentest, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo hununua bidhaa madukani kimyakimya kama mteja yeyote, huzipima na kuchapisha alama zake. Mara kwa mara krimu za kulainisha ngozi na za kukinga jua zenye chapa ya duka lenyewe, zile zinazokaa rafu ya chini kabisa ambako inabidi uiname, hupata alama sawa na zile za bei ya juu au kuzipita.

Ukiichunguza krimu yenyewe huwezi kushangaa. Kazi kubwa ndani ya kikopo hufanywa na maji, glisirini, mafuta ya aina fulani na kitu cha kuvishikanisha, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho adimu. Glisirini huvuta maji na kuyashikilia kwenye tabaka la juu la ngozi, na mafuta mazito ya petroli huyazuia yasipotee hewani. Mafuta hayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, jina ambalo nyumbani kwetu hata asiyejua kusoma analifahamu. Kikopo cha buluu cha Nivea, ambacho shangazi anacho kabatini mwake tangu sijazaliwa, kina krimu iliyozaliwa Hamburg mwaka 1911, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe wa theluji. Kwa hiyo anaponiagiza "krimu ya huko", mara nyingine ninabeba kilomita maelfu kitu ambacho mtoto angetumwa dukani akakirudisha ndani ya dakika kumi.

Mwaka wa tatu nilimpelekea kitu ambacho hakuwa nacho, nikajuta. Ilikuwa krimu nzito ya majira ya baridi, iliyoniokoa mimi mwenyewe Januari, wakati hewa ya nje ni kavu na ile ya ndani hukaushwa zaidi na mitambo ya kupasha joto, mpaka vifundo vya vidole vikawa vinapasuka na kutoa damu. Ilikuwa na nta na mafuta mengi, na ilikaa juu ya ngozi kama koti. Shangazi anaishi pwani. Aliipaka asubuhi na jioni kwa heshima zote zinazostahili zawadi iliyopanda ndege, na siku ya nne paji la uso na shingo vilikuwa vimejaa vipele vya joto, kwa kuwa jasho halikuwa na pa kutokea. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba labda ngozi yake imezoea vitu duni, na kauli hiyo iliniuma kuliko lawama, kwa sababu krimu haikuwa na kasoro na ngozi yake ndiyo kabisa haikuwa nayo. Mimi ndiye niliyebeba dawa ya baridi nikaipeleka kwenye joto.

Upande wa rangi mambo ni magumu zaidi, na hapa rafu ya nafuu ya Ujerumani inanisononesha mpaka leo. Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na fandesheni za rangi 40, chapa nyingi kubwa ziliamka na kuongeza rangi zao, lakini kuamka huko hakukushuka sawasawa hadi rafu za chini. Duka lina nafasi ndogo, na nafasi hiyo hupewa rangi zinazonunuliwa na wengi. Siku moja nilichukua ile nyeusi kuliko zote katika safu, nikajipaka mstari mmoja chini ya taya kutoka kwenye chupa ya kujaribia, na chini ya taa za duka nikaona imekubali. Nilipotoka nje na kujitazama kwenye kioo cha dirisha la gari lililoegeshwa, mstari ulikuwa na rangi ya majivu, kana kwamba nimeegemea jiko la mkaa. Watengenezaji wengi huipata rangi nyeusi kwa kuongeza weusi tu kwenye mchanganyiko uleule wa msingi, wakati ngozi yangu ina wekundu na umanjano ndani yake ambao weusi mtupu hauwezi kuuiga. Tangu siku hiyo sinunui fandesheni bila kutoka nayo nje usoni na kusubiri robo saa, kwa sababu nyingine hubadilika rangi zikikutana na mafuta ya ngozi.

Krimu ya kukinga jua nayo ina vituko vyake. Zile zenye zinki au titani huacha utando mweupe kwenye ngozi yetu, na mtu akiupunguza utando kwa kupaka kidogo, anapunguza pia kinga, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi ambacho wengi wetu hatukifikishi hata nusu. Zenye vichujio vya kikemikali huyeyuka bila kuonekana, na chapa za duka huku zinazo nyingi na nzuri. Natafuta chupa yenye herufi UVA ndani ya kiduara, alama inayoonyesha kwamba kinga dhidi ya miale ya jua ya aina hiyo si pungufu ya theluthi moja ya namba kubwa iliyoandikwa mbele. Hata hivyo anayepambana na madoa meusi anapaswa kujua kwamba kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea madoa, na kinachousaidia uso hapo ni krimu iliyotiwa rangi ya oksidi za chuma. Krimu hizo zipo kwenye rafu ya nafuu. Zina rangi moja, na jina la rangi hiyo ni "ya kati", ingawa sijui ni kati ya nani na nani.

Sasa nirudi kwenye ukweli uliomo ndani ya imani ya shangazi. Anachodhani kipo ndani ya krimu, mimi nakiona kwenye lebo yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2013, humlazimisha mtengenezaji kuandika viambato vyote kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito, na vile vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kufuata kwa mpangilio wowote; lazima pawepo namba ya toleo, jina la anayewajibika, na ama tarehe ya mwisho ama kile kichoro cha kikopo kilicho wazi chenye idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua. Mtu akijua kwamba kihifadhi kiitwacho fenoksietanoli hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, anaweza kuikamata seramu inayojigamba mbele kwa herufi kubwa kuhusu niasinamaidi, kiambato cha kufifisha madoa, halafu nyuma ikaiorodhesha niasinamaidi hiyo baada ya fenoksietanoli. Nimezirudisha seramu nyingi rafuni kwa kosa hilo moja. Uwezo wa kusoma na kukiamini kilichosomwa ndio ninaoukosa nikiwa nyumbani, na ndio pekee ambao kwa kweli ningependa kuutia kwenye begi.

Si kwamba sheria haipo. Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na zebaki na hidrokwinoni ni marufuku katika vipodozi. Tatizo ni umbali kati ya sheria na meza ya muuzaji. Safari iliyopita nilinunua poda nyumbani, chapa ninayoijua, na nilipofika chumbani nikaona kibandiko cha tarehe kimekaa upande. Nilikibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na tarehe nyingine, iliyopita miezi kumi na minne nyuma. Poda iliyopitwa na muda pengine isingenidhuru, lakini aliyebadilisha tarehe moja sina sababu ya kumwamini kuhusu kilichomo ndani, na hapo ndipo mkorogo unapopenyea. Krimu isiyo na orodha ya viambato, inayong'arisha uso ndani ya wiki mbili, mara nyingi ina steroidi, hidrokwinoni au zebaki, na anayeinunua hulipa bei nafuu mara moja kisha akalipia ngozi iliyokonda kama karatasi ya sigara kwa miaka.

Lakini shangazi asije akafikiri kwamba Ulaya imesalimika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku hidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001, na bado mfumo wake wa kutahadharisha kuhusu bidhaa hatari hutaja krimu hizo kila mara. Nimeziona kwa macho yangu, katika viduka vidogo vinavyotuuzia sisi wahamiaji mawigi na mafuta ya nywele: zimepangwa nyuma ya kaunta, na muuzaji hukupimia maneno kwanza kabla ya kukuonyesha. Kwa hiyo "imetoka Ujerumani" haina maana hata ukiwa Ujerumani kwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zangu hawalifahamu na mimi mwenyewe nililijua nikiwa huku, kwa aibu yangu. Krimu ya kukinga jua iliyobuniwa kwa makusudi kwa ajili ya ngozi za watu wetu wenye ualbino hutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Inaitwa Kilisun, na hugawiwa bure kwa wanaoihitaji. Kampuni ya kemikali ya BASF ya Ludwigshafen, Ujerumani, ni miongoni mwa wanaoisaidia kazi hiyo, kwa hiyo huo uhusiano wa Ujerumani na ngozi zetu upo, ila mchanganyiko hufanywa chini ya Kilimanjaro na watu wanaolijua jua la pale linavyochoma. Sisemi kwamba jambo hilo limetatua shida ya rafu za kawaida. Nasema kwamba anayedai hatuwezi kutengeneza krimu ya kuaminika hajauliza vizuri.

Na kuna dada mmoja anayeuza vipodozi nyumbani, ambaye sitamtaja kwa kuwa hajaniruhusu. Chupa zake zina lakiri, na ukitaka kusoma viambato hakukunjii uso. Likizo iliyopita aliniketisha mlangoni kwake, kwenye mwanga wa mchana, akachukua fandesheni mbili za bei ndogo, akadondosha tone moja moja nyuma ya kiganja chake, akachanganya kwa kidole, akanipaka tayani, akafuta, akaongeza ya pili, akapaka tena. Hakutumia taa wala kompyuta. Mara ya tatu mstari ulipotea, nikawa siuoni hata nilipokiinamia kioo. Miaka tisa nilikuwa nimeitafuta rangi hiyo kwenye rafu za watu.

Nilinunua chupa zote mbili zikiwa zimefungwa, na kwenye kipande cha boksi akaniandikia kwa kalamu ya bluu: "Matone mawili ya hii, moja ya ile. Wakati wa baridi, tone moja kwa tone moja, maana utapauka." Kipande hicho nimekibandika kwenye kioo cha bafuni huku Ujerumani. Shangazi alipopiga simu juzi kuuliza nitakuja na nini mwaka huu, nilimwambia nakuja na begi lenye nafasi, na kwamba nikifika tutakwenda pamoja kwa yule dada, akae yeye mlangoni. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama krimu ya jua, ile isiyoacha weupe, bado naweza kuiweka.

"Hiyo nitaileta, shangazi," nikamjibu. "Chupa mbili."