Uvimbe Haujapimwa, Jina Mshaupa

Mama yangu mdogo aliugua saratani ya ziwa wiki tatu, na saratani yenyewe hajapata kuwa nayo. Mtaa ndio uliomuuguza. Wageni wakiingia sauti chini, nyuso za msibani, mmoja na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Hata posa ya binti yake ikaanza kusuasua, eti maradhi hayo ni ya damu.

Donge lilikuwepo, simlaumu mtu kwa kuogopa. Gumu, na ngozi juu yake imebonyea. Daktari wa huku kwetu Pemba alilipapasa akanyamaza, na alikuwa na haki, maana mafuta ya ziwa yakifa huweza kufanana na saratani shilingi kwa ya pili, kwa mkono na hata kwa picha. Na kumbe ndiyo hayo. Msimu wa karafuu aliteleza na pakacha lake, kifua kikapiga kisiki. Maumivu yakapoa, akasahau. Ndani, mafuta yaliyopondeka yakafa na kugeuka kovu. Alipoulizwa kama amewahi kuumia alijibu hapana. (Nani Pemba anahesabu kuanguka shambani?)

Kilichokata maneno ni sindano: kinyama kidogo kikachukuliwa, kikatazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo ugomvi wangu na majirani ulipo. Walimwambia uvimbe ukichomwa unakasirika, unasambaa. Akawaamini, akakaa siku kumi bila kurudi hospitali. Lau ingekuwa saratani kweli, siku hizo angemdai nani?

Wale wa "si kila uvimbe ni kansa, tulia nyumbani" nao siwapendi. Kweli si kila uvimbe. Wasichana wengi hupata fibroadenoma, kidonge kinachoteleza chini ya kidole. Upo uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazofunika neva, mara nyingi hauna madhara, ila picha yake inaweza kumbabaisha hata mtaalamu. Upo na wa desmoidi: hausafiri mwilini, lakini hung'ang'ania ulipo, na ukikatwa huweza kurudi. Sasa huyo wa kutulia nyumbani anajuaje lake ni lipi?

Majibu yalipotoka, wale wa posa wakarudi, wanacheka mpaka jino la mwisho. Mama mdogo akawapikia pilau. Mimi ningewapa maji tu.