Hela ziliisha, si uongo
Jamani huyu anayesema ati Wamarekani mwezini hawakwenda kwa vile wangekuwa washarudi huko tena, hoja hiyo hata barazani kwetu Kibokoni haipiti. Concorde iliacha kuruka 2003 na mpaka leo hakuna ndege ya abiria iendayo kasi kama ile, sasa tuseme haikuwako? Shida ni pesa bana. Marekani ilikuwa yashindana na Warusi, mwaka 1966 ikaipa NASA, shirika lake la safari za anga, zaidi ya asilimia 4 ya bajeti yote ya serikali, walipotangulia kutua 1969 basi wanasiasa wakaona yatosha, na vita vya Vietnam navyo vyala hela, safari za mwezini za Apollo 18, 19 na 20 zikafutwa hata kabla ya Apollo 17 kwenda Desemba 1972. Siku hizi NASA haipati hata asilimia 1. Roketi za Saturn V, zile za kwendea mwezini, zilizobaki ndo hizo ziko makumbusho watu wapiga nazo picha tu. Na Warusi wenyewe, maadui wao, walikuwa wafuatilia kila kitu, ingekuwa ni uongo wangeacha kuwaumbua kweli?